Mtani au Mkopaji? Suala la Maadili katika Filamu Fupi za Ucheshi Zinazotengenezwa Bila Fedha

Utangulizi

Filamu fupi ya ucheshi yaweza kutengenezwa leo jijini Nairobi kwa gharama isiyozidi nauli ya matatu. Kinachohitajika ni simu ya mkononi yenye kamera, marafiki wawili watatu, leso ya kumgeuza kijana wa kiume kuwa mama mzazi, na mtaa wenye watu. Simu huegemezwa juu ya tofali au hushikwa na yeyote asiyeigiza katika onyesho hilo. Mwanga ni wa jua, na sauti ni ile inayonaswa na simu yenyewe, pamoja na honi za magari na mwito wa makanga. Uhariri hufanywa katika simu hiyo hiyo, na kabla ya jua kutua kazi imekwisha kuwafikia watazamaji. Hakuna mfadhili anayesubiriwa, wala jumba la sinema linalokodiwa.

Wepesi huu umeleta manufaa ambayo haifai kuyapuuza. Kwa miaka mingi kutengeneza filamu kulikuwa kazi ya wenye mitambo, vibali na mitaji. Wachekeshaji wa River Road, Nairobi, waliorekodi michezo yao kwa kamera za video na kuiuza katika kanda na baadaye katika diski, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuuvunja ukiritimba huo, na tasnia yao ikaja kuitwa Riverwood. Simu ya mkononi imeuendeleza mkondo huo karibu na kikomo chake, kwa kuwa gharama ya kifedha sasa inakaribia sufuri. Kijana wa Umoja au Kisauni asiye na chochote ila kipaji anaweza kuwachekesha watu wa Dar es Salaam na Minneapolis kwa siku moja.

Hata hivyo, kuna swali ambalo mjadala kuhusu utanzu huu, unaposifu ubunifu wake au kuubeza wepesi wake, huelekea kulipita kando. Kazi ambayo haikugharimu fedha imegharimu nini, na ni nani aliyelipa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kama suala la maadili. Hoja inayotetewa ni kwamba ukosefu wa fedha haufuti gharama ya sanaa bali huihamisha. Mtengenezaji asiye na fedha hulazimika kukopa: hukopa mahali, hukopa jasho la wenzake, hukopa sura za wapita njia, na hukopa taswira ambazo jamii imekwisha kujiwekea kuhusu watu wa namna fulani. Kukopa kwenyewe si kosa, kwa maana hakuna msanii asiyekopa. Kinachopasa kupimwa ni kama aliyekopwa angeweza kukataa, na kama mkopaji yuko tayari kulipa. Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Yafaa kuuliza ni nani huachiwa matanga ya kicheko cha bure.

Bustani, barabara na kamera

Ucheshi wa filamu ulizaliwa katika hali ya kukopa. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filamu zao mjini Paris kwa watazamaji waliolipa kiingilio, mojawapo ilikuwa kichekesho cha chini ya dakika moja kiitwacho L'Arroseur arrosé. Mtunza bustani ananyunyizia mimea maji. Mvulana anaukanyaga mpira wa maji kwa nyuma, maji yanakatika, na mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira huo ili aone kilichouziba. Mvulana anaondoa mguu, na maji yanamrukia mzee usoni. Aliyerowa hakuwa mwigizaji. Alikuwa François Clerc, mtunza bustani wa familia ya Lumière yenyewe. Bustani, mpira, maji na mtu wa kurowa, vyote vilikuwapo tayari.

Inafaa ikumbukwe kuwa akina Lumière hawakuwa maskini, kwani walikuwa na kiwanda cha vifaa vya kupigia picha mjini Lyon. Walikopa kwa urahisi, si kwa kukosa. Kwa hiyo kukopa hakutokani na ufukara peke yake. Ufukara hukufanya tu kusiepukike. Aidha, filamu hiyo inalizua suala la ridhaa tangu siku za mwanzo kabisa za utanzu wake. Yamkini Clerc aliufurahia mchezo huo. Lakini mtu anayeombwa na yule anayemlipa mshahara hana uhuru sawa na anayeombwa na mwenzake, na katika filamu hii kicheko kinamwangukia yeye aliyekopwa, si yeye aliyekopa.

Filamu ya pili inalihamishia suala hili barabarani. Kid Auto Races at Venice ilipigwa mwezi wa Januari 1914 huko Venice, California, na kutolewa na kampuni ya Keystone tarehe 7 Februari mwaka huo. Kampuni haikukodi umati wala kujenga barabara. Mashindano ya watoto ya magari madogo yalikuwa yanafanyika, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mwongozaji Henry Lehrman aliigiza kama mwongozaji anayetaka kuyarekodi mashindano hayo, naye Charlie Chaplin, akiwa amevaa suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa na kofia ndogo, aliigiza mtu anayejipenyeza mbele ya kamera kila inapogeuzwa. Anasukumwa, anarudi. Anafukuzwa, anarudi tena. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza kutolewa yenye mhusika ambaye baadaye alijulikana duniani kote, lakini siku ile umati haukumjua. Wanaoonekana nyuma yake ni watu halisi, wengine wakishangaa, wengine wakicheka, wengine wakiitazama kamera badala ya mashindano.

Hapa mkopo ni mkubwa kuliko ule wa bustani, kwa sababu umekopwa umati mzima ambao hapana shaka haukuombwa. Hata hivyo mwelekeo wa kicheko ni tofauti. Anayeaibika ni Chaplin. Umati umekopesha macho yake tu, na malipo yake ni kwamba nao umepewa kichekesho papo hapo, ukashuhudia jinsi mtu mzima anavyoweza kujidhalilisha kwa tamaa ya kuonekana.

Filamu hizi mbili zinatoa mifumo miwili ambayo ingali inatawala ucheshi wa bei nafuu. Katika mfumo wa bustani, kicheko humwangukia mkopeshaji. Katika mfumo wa barabara, humrudia mkopaji. Tofauti hiyo haiko katika bajeti, kwa sababu zote mbili hazikuhitaji fedha nyingi. Iko katika uamuzi wa msanii kuhusu nani abebe gharama ya aibu.

Mambo manne yanayokopwa

Mkopo wa kwanza ni mahali. Mtengenezaji wa mjini hana studio, hivyo hutumia ngazi za jengo analokaa, kibanda cha mpesa cha jirani, kituo cha mabasi au veranda ya duka. Mkopo huu kwa kawaida ni mwepesi, kwa kuwa mtaa ni wa wote. Lakini hata hapa muuza duka ambaye wateja wake wamezuiwa kwa nusu saa ili onyesho lisivurugike amelipa kwa mauzo yake, na aghalabu haandikwi popote miongoni mwa wafadhili.

Mkopo wa pili ni jasho la wenzake. Filamu nyingi za namna hii huigizwa na marafiki wasiolipwa kwa matumaini kwamba siku moja kitapatikana kitu. Mfano mashuhuri wa Afrika Mashariki ni kazi za Isaac Nabwana wa Wakaliga, mjini Kampala. Filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Si filamu fupi, wala haikukusudiwa kuwa ya ucheshi mtupu, lakini ucheshi umeijaa kutokana na sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayeizungumzia, kuidhihaki na kuishangilia filamu huku ikiendelea. Waigizaji wake walikuwa watu wa mtaani waliojitolea, na utaratibu uliotumika ni kwamba waliouza diski za filamu nyumba kwa nyumba walibaki na sehemu ya mapato. Utaratibu huo ulikuwa wa kimaskini, lakini ulitambua jambo la msingi, kwamba asiyeweza kulipa mshahara bado anaweza kugawana. Deni la jasho huwa baya pale tu filamu inapoanza kuleta fedha na mgao ukabaki vile vile kana kwamba fedha hazijaja. Kundi la marafiki ambalo halikuandikiana chochote wakati wa njaa hujikuta halina lugha ya kuzungumzia shibe.

Mkopo wa tatu ni sura ya mpita njia. Huu ndio mzito zaidi kati ya ile inayoonekana kwa macho, kwa sababu anayekopwa hajui kuwa anakopwa. Tuseme kijana anajifanya kichaa mbele ya mwanamke anayeuza mahindi ya kuchoma, huku mwenzake akirekodi kutoka ng'ambo ya barabara. Mwanamke anashtuka, anaangusha koleo, anapiga kelele, na labda anamlilia Mungu wake kwa lugha ya kwao. Sekunde hizo ishirini ndizo filamu yenyewe. Bila hofu yake hakuna kichekesho. Kwa hakika yeye ndiye mwigizaji mkuu, naye peke yake hakupewa mswada.

Zamani mzaha wa namna hii ungekwisha pale pale, kwa kuwa waliocheka wangetawanyika na muuza mahindi angebaki na hadithi ya kumsimulia jirani. Sasa hofu yake inarudiwa kila mtu anapoifungua. Yaweza kumfikia mwanawe shuleni, kanisa lake, au mume aliyekuwa hajui kwamba mkewe anauza mahindi. Wala haiwezi kurudishwa, kwa sababu aliyeitengeneza akiifuta, wengine wameshaihifadhi na kuisambaza. Watu wa Venice wamekuwa wakitazamwa kwa zaidi ya miaka 100, na majina yao hayatajwi na mtu. Wao waliachwa na heshima yao. Muuza mahindi anaweza kuachwa bila hiyo kwa muda kama huo.

Mkopo wa nne hauonekani kwa macho, na kwa mhakiki wa fasihi ndio muhimu kuliko yote. Mtengenezaji asiye na fedha hana muda wala nafasi ya kumjenga mhusika. Filamu ya dakika mbili haiwezi kumpa mlinzi wa lango utoto, ndoto na mgogoro wa nafsi. Inabidi hadhira imtambue papo hapo. Njia nafuu kuliko zote ya kutambulisha mhusika ni kuchukua taswira ambayo hadhira imekuja nayo kutoka nyumbani: lafudhi ya magharibi ya Kenya kwa mlinzi mpenda kula, lafudhi ya Mlima Kenya kwa mpenda fedha, lafudhi ya Pwani kwa mvivu, kelele na kitambaa cha kichwani kwa mama. Lafudhi hainunuliwi dukani. Ni maleba ya bure, na kwa sababu hiyo hasa ndiyo inayotumika kupita kiasi. Wahusika bapa katika ucheshi huu hawatokani na uvivu wa mawazo peke yake. Wanatokana pia na uchumi wake.

Lakini kitu cha bure kwa msanii si lazima kiwe cha bure kwa jamii. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, na mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa iliyoharamisha matamshi ya chuki za kikabila. Itakuwa dhuluma kudai kwamba wachekeshaji ndio waliosababisha mauaji. Hata hivyo ghala lilikuwa moja. Taswira ya kabila fulani kuwa la wezi, au la wajinga, au la wasiostahili kutawala, ni ile ile inayohifadhiwa wakati wa amani kwa vicheko na kutolewa wakati wa vita kwa mapanga. Methali isemayo kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha haikatazi mzaha. Inatahadharisha kwamba chini ya ngozi inayotekenywa huenda kukawa na jipu.

Utani kama kipimo

Wanafalsafa wa Magharibi waliolishughulikia suala la kicheko wanatoa msaada wa kiasi tu katika kuyapima madeni haya. Aristotle aliona kuwa la kuchekesha ni kasoro au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Kipimo hicho ni kizuri, lakini hakisemi ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba maumivu hayapo. Hobbes aliona katika kicheko fahari ya ghafla ya anayejikuta bora kuliko mwenziwe. Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900, aliona kuwa kicheko huhitaji moyo uliotiwa ganzi kwa muda, na kwamba kazi yake ni kumrudi anayekwenda kinyume na jamii. Wote watatu wanamtazama anayecheka. Anayechekwa hubaki kitu. Kant, ambaye hakuandika kuhusu filamu, ndiye anayekaribia zaidi kiini cha tatizo aliposhikilia mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Muuza mahindi wa mfano uliotangulia ametumiwa kama chombo tu. Lakini kanuni ya Kant ni kali mno kwa ucheshi, na ikifuatwa bila kulegezwa yaweza kuuzima kabisa, kwa maana karibu kila mzaha hutumia kosa la mtu fulani.

Kipimo kinachofaa zaidi kimo ndani ya desturi za Afrika Mashariki zenyewe, nacho ni utani. Wanaanthropolojia wameuandikia sana uhusiano huu, na Radcliffe-Brown aliuzungumzia mwaka 1940 kama ruhusa ya kuvunjiana heshima bila kukasirikiana. Wanyamwezi na Wazaramo wana utani, na katika jamii nyingi za eneo hili babu na mjukuu hutaniana kwa namna ambayo baba na mwana hawathubutu. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wageni wako, naye asishtakiwe.

Sifa tatu za utani zinafaa kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza ni kwamba ruhusa hiyo ni ya pande mbili. Anayetaniwa leo ana haki ya kutania kesho, na mara nyingi hujibu papo hapo. Ya pili ni kwamba mipaka inajulikana, kwa hiyo asiye mtani akisema maneno yale yale amekutukana. Ya tatu, ambayo husahaulika kwa urahisi, ni kwamba utani una wajibu wake. Penye utani wa desturi, msiba ukitokea watani ndio huja, hufanya kazi za mazishi, na kwa mizaha yao juu ya marehemu huwapa wafiwa pumzi. Haki ya kukucheka imelipiwa kwa wajibu wa kukuzika. Hapo methali ya kukopa harusi na kulipa matanga inapata maana isiyotazamiwa: mtani ni mkopaji aliyekubali tangu mwanzo kwamba matanga nayo ni yake.

Kwa kipimo hiki mikopo iliyotajwa inaweza kutenganishwa. Mtengenezaji anayejichekesha mwenyewe anajikopa mwenyewe. Erastus Ayieko Otieno, maarufu kama Flaqo, amejijengea hadhira nchini Kenya kwa kuigiza peke yake mama, baba na mtoto wa familia moja kwa kubadili mavazi na sauti. Mbinu hiyo ni zao la uhaba, kwani mwigizaji mmoja hana haja ya kulipa wengine. Lakini ina faida ya kimaadili pia. Anayemcheka mama mkali anamcheka mwana aliyemkumbuka vizuri kiasi hicho, na ndani ya dhihaka mna ushahidi wa kulelewa. Huo ni utani wa mwana na mzazi, ambao katika maisha ya kila siku haukubaliki waziwazi, ila sanaa imeupa nafasi. Kwa upande mwingine, anayemtega muuza mahindi hajampa nafasi ya kujibu, hana uhusiano naye, na hatakuwapo siku ya msiba wake. Amechukua haki ya mtani bila kuuchukua wajibu wake.

Pingamizi

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia tatu, na kila moja ina uzito wake.

Pingamizi la kwanza ni kwamba maadili ya namna hii ni anasa ya wenye fedha. Kampuni kubwa ina mawakili, fomu za ridhaa na waigizaji wa kulipwa, ilhali kijana wa mtaani hana. Kumdai ridhaa ni kumfungia mlango ambao ndio kwanza umefunguliwa. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama ridhaa ingekuwa karatasi. Lakini simu ile ile iliyorekodi ina kioo. Mpita njia aweza kuonyeshwa alivyorekodiwa kabla hajaondoka, akaelezwa, akacheka au akakataa, na akikataa picha ikafutwa mbele yake. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji dakika tano na ujasiri, na wakati mwingine linahitaji kulipoteza onyesho zuri kuliko yote ya siku hiyo. Gharama ya kweli ni hiyo ya mwisho, na haifai kudharauliwa. Ni vigumu kwa msanii mwenye njaa kufuta kitu ambacho kingemlisha. Umaskini wa mkopaji hupunguza lawama, lakini haufuti deni, hasa mkopeshaji anapokuwa maskini kumzidi.

Pingamizi la pili linatoka upande wa uhuru. Kenya ina historia ndefu ya kudhibiti jukwaa na filamu, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, imekuwa ikilalamikiwa na wasanii kwa masharti yake ya vibali. Hoja ya maadili yaweza kuwa fimbo mikononi mwa mdhibiti. Tena ucheshi bora mara nyingi humlenga mkubwa asiyetaka kuchekwa, na endapo ridhaa itadaiwa kwa kila anayechekwa, hakuna mheshimiwa atakayechekwa tena. Jibu ni kwamba kipimo cha utani hakidai ridhaa ya kila mtu. Kinadai uwezekano wa kujibu. Mwenye cheo ana jukwaa, msemaji na walinzi. Akidhihakiwa anaweza kujibu, na mara nyingi hujibu kupita kiasi. Muuza mahindi hana. Kwa hiyo kipimo hicho hicho kinachomlinda mnyonge ndicho kinachomruhusu mchekeshaji kumdhihaki mkuu. Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaipa fasihi na sanaa nafasi yake ya pekee. Sheria basi imeacha uwanja mpana. Suala la makala haya ni namna ya kuutumia uwanja huo pale ambapo hakuna askari anayetazama.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi, nalo linahusu mkopo wa nne. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mgikuyu kwa kuzaliwa, lakini aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi katika Vitimbi kama Mzee Ojwang', akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Kwa mujibu wa hoja iliyotolewa hapa alikuwa amekopa lafudhi isiyo yake kwa ajili ya kicheko. Mbona basi alipendwa na watazamaji wa jamii zote, Wajaluo wakiwemo? Je, hilo haliangushi hoja nzima?

Mfano huu unailazimisha hoja ijieleze vizuri zaidi. Lafudhi ya Ojwang' ilikuwa mlango tu. Baada ya mlango huo hadhira ilimkuta mtu: mume wa Mama Kayai, mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe, mzee mwenye maneno makubwa kuliko mfuko wake. Wiki baada ya wiki mhusika aliyeanza kwa lafudhi aliongezewa utu, hata lafudhi ikawa ni yake yeye Ojwang', si ya kabila zima. Mkopo ulilipwa kwa muda. Filamu ya dakika mbili haina muda huo. Inaingia kwa mlango wa lafudhi na kutokea kwa mlango huo huo, ikimwacha mlinzi alivyokutwa. Kosa basi haliko katika kuitumia taswira iliyokopwa. Liko katika kuirudisha kama ilivyochukuliwa, bila kuongezewa chochote. Msanii wa filamu fupi ambaye mlinzi wake, katika sekunde ya mwisho, anaonekana amejua tangu mwanzo kuwa mwenye nyumba anamdanganya, amelilipa deni hilo kwa kugeuza sura moja tu, tena bila kutumia senti.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa filamu fupi ya ucheshi isiyo na bajeti si kazi isiyo na gharama. Gharama yake imegawanywa kwa watu ambao majina yao hayamo katika orodha ya walioshiriki: muuza duka, rafiki aliyekesha akihariri, mpita njia aliyeshtuka, na jamii ambayo lafudhi yake imevaliwa kama koti la kuazima. Mtengenezaji hawezi kuwalipa wote kwa fedha, na hakuna anayemtaka afanye hivyo. Anachoweza ni kuchagua mwelekeo wa kicheko, kumpa aliyekopwa nafasi ya kukataa au kujibu, kugawana kitakapopatikana cha kugawana, na kuirudisha taswira ya mtu ikiwa na utu mwingi kuliko alivyoikuta.

Yapo mambo ambayo kipimo cha utani hakiyamalizi. Mtani wa jadi alimjua mtani wake kwa ukoo na kwa sura. Mchekeshaji wa simu anatazamwa na malaki asiowajua, na anawacheka watu ambao hatakutana nao tena. Haijulikani ni kwa namna gani mtu aweza kuwa mtani wa mji mzima. Huenda haiwezekani, na ucheshi wa mjini ukabaki daima na sehemu ya deni isiyolipika. Hata hivyo mwenye deni anayelikumbuka deni lake hutenda tofauti na anayedhani alipewa bure. Kijana anayeegemeza simu yake juu ya tofali kando ya jiko la muuza mahindi ana sekunde chache za kuamua ni nani atakayeonekana mjinga katika filamu yake. Akijichagua yeye mwenyewe, mama yule anaweza kucheka pamoja na wengine, akampa na hindi moja la kula njiani.